Ekzosi ya Baba Jacqueline

Mimi nina wivu, sikatai. Asiye na wivu hana mume, ana mpangaji. Sasa mwanamke kama mimi umpe mume mwenye pikapu, atalala usingizi?

Mwaka ule soko huria lilipoingia Mbinga na wanunuzi binafsi wakaanza kugombania kahawa yetu, Egidi wangu aliuza vizuri, akanunua pikapu iliyotumika. Akawa anashuka Lituhi, kule ziwani, alfajiri kuchukua samaki, jioni anapanda. Shida ni njia. Barabara ile inapita ng'ambo ya bonde letu, kwenye kona alipojenga Vitalia. Na Vitalia, huyo mjane, ndiye Egidi aliyetaka kumwoa kabla yangu. Umeona mambo hayo? Tena pikapu yenyewe ilikuwa kimya, inaingia uani kuku hawajainua hata kichwa. Akisimama kwa Vitalia ningejuaje?

Lakini Mungu si Athumani. Siku moja jiwe la njia ya Lituhi likapasua ekzosi. Egidi alikuwa anapima kahawa, akanituma mimi.

"Mama Jacqueline, gari liko kwa fundi Makame. Mwambie afunge ekzosi ya kiwandani, kama ileile."

Nikaenda. "Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama. Ekzosi ziko tatu." Akaniwekea chini. Ya kwanza ya kiwandani, imetolewa kwenye pikapu nyingine iliyopinduka. Ya pili ameichomelea mwenyewe kwa bati la pipa. Ya tatu bomba tupu, halina sailensa wala chochote cha kumeza mlio.

"Nataka kuzisikia," nikasema.

"Kuzisikia?"

"We washa tu."

Akawa anafunga moja moja, na kila akiwasha, mimi natembea kuelekea sokoni. Ya kiwandani ilinipotea kabla sijafika dukani kwa Ismail. Ya pipa ilinifikisha sokoni. Lile bomba tupu, jamani, nililipita nalo soko, nikapita mashine ya kusaga, nikapanda mpaka kanisani, bado nalisikia linakohoa. Nikarudi natoka jasho, nacheka peke yangu.

"Funga hilo."

Fundi akashika kiuno. "Mama, hiyo si ekzosi, hiyo ni tarumbeta! Ya kiwandani inadumu, injini inatulia, na watu hawakutukani njiani. Na mzee mwenyewe amesema..."

"Gari ni la mzee, masikio ni yangu. Funga!"

Egidi nilimwambia za kiwandani zimekwisha. Akaguna, akazoea.

Kuanzia hapo nikawa namfuata nikiwa nimekaa kibarazani kwangu. Saa kumi na moja jioni nasikia ngurumo huko chini, inapanda, inapanda, inafika kona ya Vitalia, halafu kimya. Nashika rozari. Siku ya kwanza nilisali makumi mawili, injini ikawaka. Wiki iliyofuata ikawa rozari nzima. Tena akifika nyumbani, nikimwambia ngoja niwashe moto, ananijibu, "Usijisumbue, nimeshiba." Umeshiba nini, upepo? Mtu ambaye zamani alikuwa anakaa jikoni kwangu akisubiri ugali mpaka anasinzia! Damu ilinichemka. Nikajisemea, ekzosi imemfichua.

Ijumaa mlio ulipozimika kwenye kona, sikushika rozari, nilishika njia. Nikateremka bondeni, nikavuka kijito, nikakwea katikati ya ngoro za watu, yale mashamba yetu ya mashimo, nikatokea kwa Vitalia nimevimba kama andazi. Pikapu hiyo hapo. Na Egidi huyo hapo, mkekani, tonge mkononi, mbele yake ugali unafuka na kichwa cha mbasa kinamwangalia. Mbasa, samaki mwenyewe wa ziwa, ambaye kwangu huletwa mkia!

Egidi akaganda. Vitalia hakushtuka hata kidogo.

"Karibu dada. Umekuja wakati mzuri, ugali bado wa moto."

"Wa moto! Huna hata haya?"

"Haya ya nini? Tena nilitaka nikushukuru. Watu wanasema ile ekzosi uliichagua wewe. Zamani Egidi akisimama hapa ananikuta shambani, au moto sijawasha. Ananisalimia, anakuja zake kwako na njaa. Siku hizi namsikia tangu anaanza kupanda mlima, nateleka maji. Akizima gari, nami nimeshapakua." Akanitazama, hana hata chembe ya ubaya usoni. "Wewe ukimsikia, dada, huwa unafanyaje?"

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kujaza gunia. Ningemwambia nini? Kwamba nikimsikia nashika rozari nahesabu, na mafiga yangu yamelala baridi?

"Nawa, Mama Jacqueline," Egidi akasema kwa sauti ndogo, hanitazami.

Nikanawa. Nikala. Mungu anisamehe, yule mbasa alikuwa mtamu, na huo utamu wake ndio ulioniuma kuliko yote.