Harusi ya Kivuko

Mimi ni mweka hazina wa kamati za harusi. Sikusomea, lakini mtaani kwetu Bondeni, huku nyuma ya Kiwalani, haitoki kadi ya mchango bila jina la Bi Mwajabu kule chini, palipoandikwa fedha zitumwe kwa nani. Ukiahidi kuchangia, umeahidi. Nikikupigia simu usipokee, nakuja. Usipofungua mlango, natandika mkeka kibarazani kwako, nasalimiana na kila apitaye na kumweleza kwa sauti nimemfuata nani na kwa lipi. Kuna bwana mmoja aliuza feni lake niondoke. Harusi ilifana na jasho lake alilifuta kwa leso, si shida yangu.

Nasema haya ili ujue kwamba watu wa Bondeni wana fedha. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mbwana, hakuwa analijua hilo. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuomba mchango wa maendeleo, na akikaribia tu, mtaa mzima unakuwa kama umehama. Redio zinazimwa. Mtu mzima na ndevu zake anajilaza chini ya kitanda, anamtuma mkewe aseme baba katoka. Wiki hiyo hiyo baba yule yule anachangia harusi ya mtoto wa rafiki wa shemeji yake, na anadai kadi ya watu wawili.

Mchango aliokuwa anaomba Mbwana ulikuwa wa kivuko, daraja dogo la kupita kwa miguu. Sisi wa Bondeni tunatenganishwa na barabara kwa korongo lenye upana wa vyumba viwili. Kiangazi tunashuka na kupanda kwa kukanyaga mawe, tukipishana na mifuko ya taka. Masika maji yanajaa hadi ukingoni, na ng'ambo ndiko iliko zahanati, soko na kila kitu. Masika yaliyopita jirani yangu Zubeda alishikwa na uchungu maji yamejaa. Tulimkalisha ukingoni chini ya mwavuli tukisubiri yapungue. Yalipopungua alikuwa ameshajifungua, na mtoto hakulia. Mwavuli ule niliushika mimi, na tangu siku hiyo nikisikia ngurumo natoka nje kulitazama korongo.

Mwaka huu mwanangu Lulu akawa na mimba ya kwanza, na hesabu ya wakunga ikaangukia masika. Mumewe Anwar ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani kuelekea mipakani. Kwa hiyo kivuko kilikuwa changu kuliko cha mtu mwingine yeyote.

Nilianza kwa njia ya kistaarabu. Nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa, alikokuja afisa mipango kutoka halmashauri, kijana mmoja anaitwa Erasmus, shati limenyooka, viatu havijui tope. Nikasimama.

"Kivuko chetu kimefikia wapi, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Kivuko chenu kimo kwenye bajeti."

"Marahaba. Kimo tangu lini?"

"Kinaingia kila mwaka."

"Na kinatoka lini?"

Watu wakacheka. Erasmus naye akacheka, kijana ana adabu. Akatueleza kwamba bajeti ni makadirio. Halmashauri inakadiria itakusanya kiasi fulani kwenye ushuru, leseni na kodi za majengo, kisha inapanga matumizi kwa hicho ambacho haijakipata. Kisipopatikana, miradi inasogezwa mbele. Kikipatikana, kuna vipaumbele.

"Mama, haraka haraka haina baraka," akamalizia.

"Mwambie hivyo mwenye uchungu," nikamjibu, nikakaa.

Nilirudi nyumbani nikiwaka. Halafu, nikiwa namenya vitunguu, likanijia: watu hawa hawachangii maendeleo, wanachangia harusi. Basi tuwape harusi. Nikaenda kwa Mzee Mbwana nikamwambia tuchapishe kadi. Alicheka hadi kofia ikamdondoka, kisha akaacha kucheka.

Kadi zilitoka na maua pembeni. "Familia ya Mtaa wa Bondeni inayo furaha kuwaalika kwenye harusi ya kijana wao Korongo na mchumba wake Kivuko." Kadi ya mtu mmoja, kadi ya watu wawili. Tukafungua na kundi la WhatsApp, na kila jioni nikawa naweka majina ya waliolipa, na chini yake, kwa heshima zote, ya wasiolipa.

Fedha ziliingia hadi nikaogopa. Yule wa chini ya kitanda alichukua kadi ya watu wawili, akauliza kama mke mdogo naye anahesabiwa. Vijana wa bodaboda walichanga kama kijiwe. Zubeda alinipa zake kwa mkono, hakutaka kuzituma kwa simu, akanikunjia vidole juu ya noti. Akaja fundi wa zege, akapima, akasema kilichopo kinatosha kivuko chenye vyuma vya kushikia pande zote mbili. Nilimkumbatia Lulu na tumbo lake, nikampigia kigelegele sikioni. Masika yalikuwa bado mwezi na ushei.

Hapo ndipo kamati ilipokaa kikao.

Kamati ya harusi, kama huijui, haikai kikao bila soda, na ikishakunywa soda inaanza kufikiri. Wa kwanza kufikiri alikuwa Mashaka, mshereheshaji wetu.

"Bi Mwajabu, mie nauliza tu. Watu wamechukua kadi. Watakula nini?"

"Watakula kivuko."

"Acha utani, mama. Mchango bila pilau hiyo ni kodi. Watu watadai chao."

Vichwa vikatikisika meza nzima. Mzee Mbwana akakohoa, akasema kwamba hata kiserikali huwezi kuanza ujenzi bila uzinduzi, na uzinduzi hauwi uzinduzi bila mgeni rasmi. Akamtaja mheshimiwa mmoja mkubwa, mwenye tumbo la kumtosha. Tukimwalika huyo, akatuona tulivyojipanga, ataguswa na kutuchangia mara mbili ya tulichonacho. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Na asipoguswa?"

"Mkono mtupu haulambwi, Bi Mwajabu. Tumlishe kwanza."

Nilipinga. Nilipinga kwa sauti ambayo watu wa ng'ambo waliisikia. Tukapiga kura, nikapata ya kwangu na ya mzee mmoja kiziwi aliyedhani tunahesabu wanaotaka soda nyingine.

Tangu hapo nilikuwa namwaga maji kwenye pakacha. Turubai, kwa sababu jua. Muziki, kwa sababu Mashaka hasemi pakavu. Sare za kitenge kwa wanakamati, kwa sababu mgeni atatutambuaje? Keki, kwa sababu ni harusi. Posho ya kwenda kupeleka mwaliko kwa mheshimiwa, na posho ya kwenda kuuliza kama mwaliko ulifika. Nikawa kila kikao nauliza, na kivuko? Wananijibu kimo. Nilimkumbuka Erasmus na shati lake, nikamwonea huruma kidogo.

La mwisho lilikuwa jukwaa. La kukodi lilikuwa dogo, na mheshimiwa haji peke yake, ana msafara. Tukaamua kutengeneza letu, refu, tena Mzee Mbwana akasema baada ya shughuli tutakuwa tunalikodisha, liwe chanzo cha mapato ya mtaa. Kazi akapewa Revelian, fundi seremala wa Keko anayeishi hapa Bondeni. Revelian kazi mbovu haijui. Alileta nguzo za mkaratusi kama za umeme, akazifunga kwa boliti, akapigilia mbao nene juu.

"Hata tembo aje acheze singeli hapa," alisema, "halitikisiki."

Jukwaa lilipolipiwa, fedha ya kivuko ilibaki ya kununulia mifuko michache ya saruji. Tukainunua. Tukaipanga mbele ya meza kuu, ikafungwa utepe, ndiyo bibi harusi.

Siku ya shughuli, Jumamosi, jua lilikuwa linachoma. Turubai lilisimama upande wa barabara, hatua chache kutoka ukingoni. Lulu nilimwacha nyumbani na Zubeda, siku zake zilikuwa bado. Mheshimiwa alichelewa hadi pilau likapashwa moto upya. Alipofika alipanda jukwaani na msafara wake, Erasmus akiwa mkiani, wakala, wakanywa, kisha akasimama kusema. Alisema Serikali yenu sikivu inalitambua tatizo la Bondeni. Alisema wananchi wa hapa ni mfano wa kuigwa. Tukanyoosha shingo. Mashaka akamdokeza mshika kinanda apige polepole, kama inavyopigwa pale mtu anapotaka kutaja kiasi.

"Na mimi binafsi," akasema mheshimiwa, "naahidi..."

Wakati huo nikasikia mlio. Mvua ilikuwa imepiga huko juu tusikokuona, na maji ya korongo hayaandiki barua. Yalikuja ya kahawia, yamebeba ndoo na magogo, na katika muda wa kunywa chai mawe yetu yakawa hayaonekani. Waliotoka Bondeni wakaanza kuulizana watarudije. Mheshimiwa akainua sauti kushindana na maji. Simu yangu ikaita. Alikuwa Zubeda.

"Bi Mwajabu, chupa imepasuka. Tuko ukingoni. Nimekuja na mwavuli."

Mwavuli ndilo neno lililonitoa akili. Nikatazama ng'ambo, nikamwona mwanangu kainama, kashika magoti. Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na watu wa heshima wamekaa juu ya nguzo za mkaratusi.

"Shukeni," nikasema.

"Mama, mheshimiwa anaongea," akasema Erasmus.

"Naye ashuke! Aongee chini, tutamsikia tu! Revelian! Lete watu!"

Sijui kama niliwahi kudai ahadi kwa sauti ile. Mheshimiwa aliteremka na kipaza sauti mkononi, akisaidiwa viwiko. Wanaume wa kamati, na sare zao za kitenge, wakaingia chini ya jukwaa, na yule wa chini ya kitanda safari hii alikuwa wa kwanza kuinama. Kamba za turubai zikafunguliwa na kurushwa ng'ambo, wa kule wakavuta, wa huku wakasukuma, Revelian akipiga kelele kwa Kihaya na Kiswahili. Nguzo zikagonga ukingo wa pili. Zulia jekundu lilikuwa bado limepigiliwa juu, na maua ya plastiki pembeni yanatetemeka.

Lulu akapita. Zubeda alimshika kiuno, mwavuli umefungwa kwapani. Na Mashaka, ambaye mdomo wake haujawahi kumsubiri, akanyakua kipaza sauti: "Wageni waalikwa, naomba tusimame, tumpokee bibi harusi!" Muziki ukafunguliwa. Watu walipiga vigelegele huku wanalia, nami nililia hadi ushungi ukalowa. Tulifika zahanati kwa gari la mheshimiwa, maana lilikuwa karibu na sikuomba ruhusa. Kabla pilau halijapoa mara ya pili, mjukuu wangu alikuwa analia kwa hasira zote za Bondeni.

Ningetamani kuishia hapo.

Huku nyuma mheshimiwa alikuwa amebaki bila jukwaa, bila gari, na hotuba haijakwisha. Lakini mkasi wa utepe ulikuwepo, na mpiga picha alikuwa ameshalipwa. Wakauhamisha utepe kutoka kwenye mifuko ya saruji, wakaufunga mwanzo wa zulia. Akaukata. Watu wakapiga makofi, mikono ilikuwa bado na moto.

Juzi Erasmus amekuja na kibao cha chuma, akakipigilia mwenyewe. Kinasema kivuko hiki kimezinduliwa na fulani, tarehe fulani. Nikamuuliza kivuko cha zege je, kile kilichomo kwenye bajeti.

"Tumekitoa, mama. Mradi umekamilika asilimia mia. Hatuwezi kupanga fedha mara mbili sehemu moja, wakaguzi watatuuliza."

"Na ahadi ya mheshimiwa? Alisema anaahidi."

"Hakutaja kiasi, mama. Ulimshusha."

Nikamuuliza mbao zikioza itakuwaje. Akasema tutaandika barua ya ukarabati, itaingia kwenye bajeti.

Zulia limeshaibwa. Mbao zinakunywa mvua tangu masika yaanze, na ya tatu kutoka upande wetu ukiikanyaga inalalamika. Jana nimemwona Zubeda anavuka, anairuka hiyo ya tatu, mkono mmoja tumboni. Ana miezi mitano. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Mbwana, nikamwambia tuchapishe kadi nyingine, na safari hii hakuna kula.

Amekubali. Kamati inakaa kesho, na nimeshatumiwa ajenda. Ya kwanza ni chakula.