Ukilala Unakuwa Mzito

Fundi paa aligeuka kidogo tu kuchukua misumari. Alipoinua macho akamwona bintiye wa miaka mitano, yule waliyemwita Chiriku kwa kupiga domo kwake, amesimama katikati ya bati la plastiki. Roho ikamruka.

Yaani mtoto huyu! Aliambiwa akae chini kivulini, hakusikia. Ngazi kaipanda mwenyewe, kofia ya baba yake mkononi, kisha akakata njia kumfuata. Na bati lenyewe ni lile la kupitishia mwanga, kuukuu, limekaushwa na jua mpaka linameguka kama ganda la yai. Fundi alikuja kulibadilisha. Chini yake kulikuwa na sakafu ya saruji na mashine ya kukatia mbao.

"Baba, nimekuletea kofia!"

"Ahsante, mama. Simama hapohapo."

Ka! Ufa ukatambaa hadi karibu na vidole vyake. Chiriku akashtuka, akainua mguu mmoja, akabana pumzi.

"Shusha mguu!"

"Nikisimama na mmoja nakuwa mwepesi."

Mwepesi! Loo, na uzito wote umerundikana kwenye unyayo mmoja. Fundi alitaka kupiga yowe, akajikaza. Kumfuata hawezi, akikanyaga pale wanakwenda wote wawili.

"Chiriku, lala kifudifudi. Tandaza mikono na miguu."

"Sitaki!" Machozi yalimlengalenga. "Ukilala unakuwa mzito. Si ulisema wewe?"

Alisema, ndiyo. Kila jioni akimtoa kwenye kochi kumpeleka kitandani, huguna kwa mzaha: "Ee, huyu akilala anakuwa mzito kama gunia la misumari!" Kumbe mwenzake anasikia, tena ameamini.

Sasa amfundishe nini, juu ya bati linalopasuka? Ka! tena. Ule mguu mmoja ukaanza kutetemeka.

"Sikia, mama," akasema, jasho likimwingia machoni. "Uzito unaingia ukifumba macho. Ukilala macho wazi, hauingii hata chembe. Nitazame mimi."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Uongo mtupu, na hakuona haya.

Mtoto akachuchumaa. Akaweka magoti, tumbo, kidevu. Bati likalia, likanyamaza. Akatambaa, macho kayakodoa. Fundi naye akalala juu ya mabati ya chuma, akanyoosha mkono mpaka bega likauma. Akadaka kiganja, akavuta kwa nguvu zake zote. Nyuma yao kipande kizima kikaporomoka pamoja na kofia, kikapiga mashine kule chini.

Walishuka ngazi kifua kwa kifua. Chini fundi akakaa mchangani bila kumwachia. Alitaka kumgombeza, akaishia kulia waziwazi. Chiriku alikuwa hoi. Kope zilimshuka, naye akazishikilia kwa vidole zisifunge.

"Baba, nimechoka. Nikifumba macho si nitakulemea?"

"Fumba tu, mama. Kuwa mzito unavyotaka."

Akafumba. Alikuwa mzito kweli, na baba mtu hakuguna.