Mubashara Kutoka Ghala la Zuzu

Jumamosi saa tisa alasiri Naima alifunga maikrofoni ya mwisho kwenye nguzo ya ghala la alizeti, Zuzu, akaipuliza vumbi, akasema, "Wazee, mnaweza kuanza." Siku za kazi alikuwa karani wa masjala katika wizara moja kule Mtumba, wikendi alirekodi kwaya na harusi. Muziki wa roki hakuwahi kuurekodi.

Bendi iliitwa Radi ya Zuzu. Walikuwa wanne, na umri wao ukiujumlisha ulipita miaka mia mbili na themanini. Bartolomayo, kiongozi, aliimba na kupiga gitaa, amevaa koti la ngozi lisilofungika tena tumboni. Athuman, mzee wa Kondoa, alipiga besi. Abeli alipiga ngoma kama mtu anayefukuza ndege shambani. Loisi aliitikia akiwa kwenye kinanda, amekalia mto kwa sababu ya magoti. Kwa miaka zaidi ya arobaini hawakuwahi kutoa albamu ya jukwaani, na daktari wa Abeli alishauri wasingoje zaidi.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika kiitikio cha wimbo wa pili, watu waliojaa ghalani walipanda hewani. Hawakuruka. Walinyanyuka shubiri moja, kisha mbili, kisha wakawa wanacheza usawa wa madirisha. Viatu vilianza kudondoka. Naima alikunja uso, kwa kuwa vishindo vya viatu vilikuwa vinaingia kwenye rekodi.

Wimbo ulipoisha na watu wakashuka, alinyoosha mkono. "Samahanini. Naombeni mvue viatu kabla hamjapanda tena."

Walivua, wakavipanga ukutani, wakapanda tena. Kufikia wimbo wa nne, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anacheza kwenye kenchi za paa. Wanafunzi wa chuo kutoka Chimwaga walipinduka vichwa chini, wakaendelea kuimba. Mama mmoja muuza karanga alimwambia mumewe asogee, naye akasogea kwa kupiga mbizi. Athuman alipanda hadi waya wa besi ulipomkamata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Abeli alipanda na ngoma zake zote. Loisi alipanda na kinanda, akirusha miguu huku na huku.

"Hayaumi!" alipiga kelele, akicheka. "Barto, huku juu magoti hayaumi!"

Bartolomayo peke yake alibaki sakafuni. Aliruka mara mbili, akarudi mara mbili. Baada ya hapo aliimba ameinua uso, kama mtu anayezungumza na fundi wa paa.

Jumatatu baada ya kazi Naima alijifunga kwa kanga kwenye mguu wa meza, akavaa vipokea sauti, akaanza kusafisha rekodi. Kwenye maikrofoni ya Loisi alisikia mnong'ono. Kabla ya kila mstari Loisi aliutamka kwanza, na Bartolomayo akauimba. Mahali pengine Loisi alibadilisha maneno palepale, na Bartolomayo akaimba yaliyobadilishwa.

Kesho yake alimkuta Loisi kwake, anapepeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nyimbo hizi ni za nani?"

Loisi alirusha uwele, akaudaka kwa ungo. "Zangu. Zote kumi na moja. Ile santuri yetu ya kwanza, Barto alisema jina la mwanamke litawachekesha watu. Nikamwambia haya, kwa hii moja tu."

"Na sasa?"

"Sasa nimefika kwenye kenchi, nikawatazama watu wote wale wanaimba maneno niliyoyatunga nikipepeta. Ninalitaka jina langu kwenye jalada."

Walikwenda pamoja kwa Bartolomayo. Aliwakaribisha chai, akawasikiliza hadi mwisho.

"Dada Loisi, unajua ninavyokuheshimu," alisema. "Lakini watu wamezoea. Nikisema leo, mimi nitakuwa nani?"

"Mwimbaji. Unaimba vizuri sana, Barto."

Bartolomayo aliitazama chai yake mpaka ikaota utando. Athuman alipoulizwa alisema uzeeni si wakati wa kuvunja bendi. Abeli alisema daktari amemkataza ugomvi. Naima aliandika jina la Loisi kwenye jalada mara tatu, na mara tatu jalada lilirudi kutoka kwa kiongozi limesahihishwa: nyimbo zote, Bartolomayo. Mara ya nne hakuliandika.

Albamu ilitoka mwezi wa saba, msimu wa upepo, ikapendwa mno, na popote ilipopigwa watu walipanda. Pale Mtumba kikao kimoja kilifanyika darini na kumbukumbu zikaandikwa hivyo. Kinyozi mmoja mjini alitandaza chandarua juu ya kiti ili wateja wasipande asikowafikia. Mafundi rangi waliacha ngazi nyumbani wakabeba redio. Bibi harusi mmoja aliingia ukumbini usawa wa taa, na mshereheshaji akawaomba wageni wampokee kwa vigelegele, wakampokea wakiwa hukohuko juu.

Uzinduzi rasmi ulifanyika baadaye, Jumapili moja mchana, ghalani Zuzu. Mwandishi wa habari alimuuliza Bartolomayo kwa nini yeye hapandi.

"Kiongozi hubaki chini," alijibu, "ili bendi isipotee." Watu walimpigia makofi kutoka juu.

Kisha ukafika wakati wa kusaini, albamu ikiendelea kupigwa kwenye spika. Kalamu ilikuwa mezani, meza ilikuwa sakafuni, na aliyeifikia alikuwa mmoja tu. Watu walishusha majalada yao, yeye akaandika, akayarusha, wakayadaka. "Jina?" aliuliza kila mara. Kwa Nasra, kutoka kwa mtunzi. Kwa Yotham, kutoka kwa mtunzi.

Jalada moja lilishuka polepole kuliko mengine.

"Jina?"

"Loisi," ilisema sauti kutoka kwenye kenchi.

Bartolomayo aliinua uso. Loisi alikuwa amelala kifudifudi hewani, miguu mitupu, kidevu juu ya mikono yake, anasubiri. Alisubiri muda mrefu, na watu nyuma yake hawakumhimiza. Bartolomayo aliinamisha kichwa, akaandika taratibu kwa mwandiko mzuri, akalirusha.

*Kwa Loisi, kutoka kwa mtunzi.*

Loisi alilisoma, akalipuliza wino ukauke. Kiitikio kilikuwa kimefika, naye akageuka chali akaitikia.