Kibao cha Kavindu

Nzilani aliingia dukani kwa Wehliye asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya soko la Muthurwa, akiwa na kipande cha mfarishi kwapani. Kilikuwa na matabaka matatu kama mifarishi yote: juu viraka vya vitenge na mashati makuukuu, katikati pamba, chini shuka. Mtu anayejua kuchagua cherehani ya mifarishi haendi mikono mitupu akajaribia kitambaa cha muuzaji. Kitambaa cha muuzaji siku zote ni chembamba, na hakuna cherehani isiyojifanya hodari juu ya kitambaa chembamba. Ile yake ya zamani ilikuwa imeungua mota katikati ya kazi za watu.

Wehliye aliuza cherehani zilizokwisha kutumika. Alikuwa mtu mzima, mkweli kwa kadiri biashara inavyomruhusu mtu, na alimvutia Nzilani kiti kwanza.

"Unataka kushona nini, mama?"

"Mifarishi."

"Basi hizi ndogo za plastiki wacha. Hizi ni za kupunguza suruali."

Alimwonyesha ya kwanza, nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono. Nzilani akaweka kipande chake chini ya mguu wa cherehani, akazungusha gurudumu. Sindano ilipita matabaka yote, lakini polepole kama mgonjwa anayekunywa uji.

"Hii haina mtu," Wehliye alisema. "Ni cherehani peke yake."

Ya pili ilikuwa ya kiwandani, chuma kitupu, na mota yake ilifungwa chini ya meza. Ilikula matabaka matatu bila kuuliza. Kwenye stuli yake alikuwa ameketi mwanamke mnene mwenye leso ya bluu, marehemu, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini. Alisogea kidogo ili Nzilani apate nafasi ya kujaribu.

"Huyu hasumbui," Wehliye alisema. "Hali, hatumii maji. Ni kuimba tu, na Jumapili anaongeza sauti kidogo. Kama ni mimi nashona mifarishi, nachukua hii."

Cherehani za namna hiyo zilitoka kwenye kiwanda kimoja cha mashati, kilipohamia jengo jipya na kuuza mitambo ya zamani. Wanawake waliofia kazini walikuja na cherehani zao kwa sababu hakuna aliyewaambia wainuke. Kiwandani pale mtu hakuinuka hivihivi. Kila laini ya washonaji ilikuwa na kibao kimoja cha mbao, chenye tundu na kamba, kilichotundikwa kwenye msumari karibu na supavaiza, msimamizi wa laini. Ukitaka kwenda choo, unavaa kibao shingoni, unaenda, unarudi, unakitundika. Kama kiko kwa mwenzako, unangoja. Wanawake wa pale waliizoea sheria hiyo hata wengine, wakiwa kwao, walijikuta wakitazama ukutani kabla ya kutoka mezani.

Nzilani aliyajua haya kwa sababu mdogo wake, Kavindu, alishona kola pale. Siku moja kifua kilimbana, akaomba kibao, kikawa kwa mtu mwingine, akaambiwa angoje. Akalaza kichwa juu ya kola. Kampuni ilisema alifia njiani akipelekwa hospitali. Walimzika kwao Ukambani, na Nzilani alitupia udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Lakini juzi Nthoki, aliyeshona laini moja na Kavindu na ambaye bado yuko kiwandani, alimwambia amemwona Muthurwa, anauzwa. Kwa hiyo si mifarishi peke yake iliyomleta Nzilani hapa. Alitaka mdogo wake ainuke kwenye ile stuli, akalale kitandani kama watu.

"Na zile za pale pembeni?"

"Zile ni za kola, mama. Hazitakufaa."

Kavindu alikuwa kwenye pembe, nyuma ya magunia ya uzi, amekonda kuliko alivyozikwa. Vidole vyake vilisukuma kola ambazo hazikuwepo.

"Umekuja, dada," alisema bila kuinua macho. "Ngoja nimalize hii."

Nzilani alilia kidogo, akajifuta kwa kile kipande cha mfarishi, kisha akakiweka chini ya mguu wa cherehani, maana ndicho alichokuja kufanya. Sindano iliingia tabaka la kwanza, ikafika kwenye pamba, ikavunjika. Wehliye akaweka nyingine. Hiyo nayo ikavunjika.

"Hii ni ya shati, mama. Kwa mifarishi itakuletea machozi tu."

"Nipatie hii."

"Ile ya mwimbaji bado iko. Nakuambia ukweli."

"Huyu ni mdogo wangu."

Wehliye alimtazama Kavindu, akamtazama Nzilani, akaona pua ni moja.

"Basi beba," alisema. "Na chukua sindano za ziada. Hizo ni zangu, nimekupa."

Cherehani ilisafirishwa kwa mkokoteni hadi nyumbani kwa Nzilani, Tassia, Kavindu akiwa juu ya stuli yake, mguu kwenye pedali. Mlangoni mwa ploti ya vyumba vya kupanga, keateka anayeitunza aliwasimamisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Huyo ni mgeni ama anahamia?"

"Ni wa cherehani."

"Sawa. Bora asianike nguo kwa ngazi."

Nzilani alikuwa ameshatandika kitanda, mto mpya, dirisha wazi, ingawa dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa ploti ya jirani. Cherehani ikawekwa karibu nacho, kiasi kwamba Kavindu angeweza kunyoosha mkono akaligusa shuka.

"Umefika nyumbani, Kavindu. Inuka ulale."

"Naona. Ni pazuri. Kibao kiko wapi?"

"Hapa hakuna kibao."

"Basi wacha ningoje."

Nzilani alimbembeleza, kisha akamgombeza jinsi alivyomgombeza utotoni, na yote yakawa kazi bure. Mumewe, Mativo, ni mchongaji, na vinyago vyake huuzwa kwenye maduka ya watalii mjini. Aliwasikiliza hao wawili hadi akachoka, akatafuta kipande cha mti wa muhugu, akaketi nacho jioni ile yote. Alileta kibao laini, kimeng'arishwa kwa nta, na kwenye ukingo wake twiga mdogo ameinamisha shingo. Mativo hajawahi kumaliza kitu bila kukiwekea mnyama. Hata mwiko wa nyumba hiyo una kiboko.

Kavindu alikigeuzageuza kwa heshima.

"Asante, shemeji. Ni kizuri sana. Lakini chetu hakikuwa na twiga."

Kutengeneza kibao kibaya kulimpa Mativo taabu kuliko twiga yeyote. Alikata ubao wa kreti ya nyanya, akatoboa tundu upande upande, na ilibidi Nzilani amnyang'anye msasa. Wakakipaka mafuta ya kupikia na masizi ya jiko, kikapata weusi wa mikono ya watu wengi. Kavindu alikivaa shingoni, akainuka.

Magoti yake yalilia. Nzilani alishika ukuta, maana alikuwa na furaha ya kumwangusha mtu. Kavindu alipita kando ya kitanda, akafungua mlango, akaenda hadi choo cha mwisho wa korido, akakaa huko kiasi cha haja. Kisha akarudi, akatundika kibao kwenye msumari wa kalenda, akaketi kwenye stuli, akashika kola.

"Mbona umerudi?"

"Kibao ni cha choo, dada. Hakimtoi mtu kazini. Hiyo ni mpaka supavaiza akuachilie."

Kwa hiyo Nzilani alimwendea supavaiza kwenye jengo jipya. Alikuwa ni yule yule wa zamani, amenenepa kidogo, hana ubaya wowote usoni. Alimsikiliza Nzilani mpaka mwisho na wala hakushangaa.

"Sema neno moja tu, aende," Nzilani alimwambia. "Nitakupigia simu nikiwa naye, umwambie wewe mwenyewe."

"Pole sana, mama. Lakini Kavindu alifia njiani. Hakuwa kwenye laini."

"Yuko kwenye laini mpaka leo. Yuko kwangu Tassia."

"Sikatai. Lakini mimi nikimwambia atoke, nitakuwa nimekubali alikuwepo."

Alimpa mkono, akamtakia safari njema. Nyuma yake, kupitia kioo, Nzilani aliona laini mpya, vichwa vimeinama, na Nthoki kati yao. Kibao kilikuwa kwenye msumari. Sasa kilikuwa cha plastiki, rangi ya kijani.

Alirudi nyumbani na uchovu ambao chai haiondoi. Alikuwa ameomba kitu kidogo mno, neno ambalo halimgharimu mtu hata pumzi, na hicho ndicho kilichoshindikana. Hakumwambia Kavindu alikotoka, na Kavindu hakuuliza.

Kazi za watu zilikuwa zinangoja, basi wakagawana. Cherehani ya kola iliweza vitambaa vyembamba, kwa hiyo Kavindu aliunganisha viraka vya juu, akifurahi kidogo kuona kitambaa cha kweli. Nzilani alipanga pamba na shuka, akashona matabaka matatu kwa mkono mpaka kidole cha shahada kikaota sugu. Mfarishi wa kwanza hakuutoa kwa mteja. Alimfunika nao Kavindu mabegani, kwa kuwa kitandani hakuweza kumfunika. Kavindu alisema una joto zuri, akaendelea kushona.

Walikaa hivyo, bega kwa bega, wakizungumza habari za nyumbani wakati vidole vinakwenda. Kavindu alikuwa akienda choo mara kwa mara, na kila mara alirudi na kukitundika kibao mahali pake.

Alasiri moja Mativo aliingia akamkuta mkewe ameketi peke yake karibu na cherehani, magoti ameyabana, jasho linamtoka usoni, macho kwenye msumari wa kalenda. Msumari ulikuwa mtupu.

"Una nini?"

"Nimebanwa na choo."

"Si uende?"

"Kavindu hajarudi na kibao."

Mativo aliutazama msumari. Kile cha twiga kilikuwa bado juu ya kabati. Alikifikiria kidogo, akaona hakitafaa. Akavua viatu, akaketi kwenye kile kitanda kilichotandikwa, akangoja naye.