Sponji Lililotakata

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu na baridi ya kupenya mifupa, na mfanya usafi wa wodi ya wazazi alikuwa amepiga magoti sakafuni kwake bila dekio. Alikuwa akimsihi Mungu amwachie samaki watano waliobaki.

Walikuwa kumi na wanne. Wadogo, hawafiki urefu wa kidole cha mwisho, wenye mstari wa buluu ubavuni, wakienda kundi moja na kugeuka kwa pamoja kana kwamba wana roho moja. Tangu kiharusi kimpige mumewe, miezi saba sasa, hao tu ndio waliomtoa kitandani. Kila asubuhi alijikokota hadi kwenye kiti mbele ya tangi la kioo, akawahesabu. Asipowahesabu, hali kitu.

Jumapili mkewe alitaka kumfurahisha. Akalisugua tangi kama anavyosugua wodi: vioo, changarawe, na lile sponji jeusi la chujio akalifua kwa sabuni hadi likawa jeupe pe. Akamwaga maji yote, akajaza ya bomba. Likameta. Jumatatu wakaanza kufa.

"Sponji ulilifanyaje, mama?" muuza samaki wa mapambo alimuuliza kwenye simu.

"Nililifua. Likatakata."

"Lo! Mle kwenye weusi ndimo mlimokuwa na vijidudu vinavyokula sumu ya choo chao. Sasa nani atawasafishia?"

"Niambie dawa, mwanangu. Nakuomba."

"Dawa ni sponji chafu la tangi la mtu mwingine. Langu nimelitia dawa juzi, halifai. Dada wa mumeo si anafuga?"

Akakata simu. Wifi! Mwezi uliopita, mbele ya ndugu wote, yeye mwenyewe alikuwa amemwambia wifi huyo kwamba nyumba yake inanuka, hata maji hayanyweki. Tangu siku hiyo hawasalimiani.

"Wa... nne," mumewe akahesabu kutoka kitini.

Akatoka hivyo hivyo, kanga kichwani, mvua ikimchapa.

Wifi alimpokea mlangoni, mikono kiunoni. "Makubwa! Umekuja kunipigia deki?"

"Nimekuja kuomba uchafu, wifi."

"Hebu rudia! Baba watoto, njoo usikie maajabu!" Wifi akaangua kicheko.

"Uchafu wako, wifi. Samaki wa kaka yako wanakufa. Nimewaua mimi." Hapo kilio kikamshinda.

Kicheko kikakatika. Wifi akang'oa sponji kwenye chujio lake, weusi ukimchuruzika hadi kiwikoni, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya tangi lake. Mume wa wifi akaibeba ndoo, wote watatu wakakimbia.

Walikuta samaki watatu, wamebanana pembeni, midomo juu ya maji. Wifi akabadilisha maji kidogo, akapachika sponji.

"Hata hawa wanaweza kwenda," akasema. "Sikudanganyi. Na kaka anadhani wanakufa kwa maradhi tu. Mwambie."

Mgonjwa alikuwa ameligeuzia tangi kisogo. Mkewe akapiga magoti mbele ya kiti, akamshika mkono uliopooza.

"Mume wangu, wifi ananisikia, shemeji ananisikia, na Mungu ananisikia. Ni mimi niliyewaua. Naahidi sitagusa tena kitu chako kabla sijakuuliza. Na jibu likichukua asubuhi nzima kutoka, nitakaa hapa hapa nikilisubiri."