Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi Sikosei aliitandaza mikono ya gauni mezani, akaigeuza huku na huku, moyo ukampasuka. Yote miwili alikuwa ameikata ya kushoto.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na dukani hakikubaki hata kipande. Harusi ilikuwa kesho, na mwenye gauni, mama mzazi wa bibi harusi, alikuwa njiani kuja kulijaribu.

Jina la Sikosei majirani walimpa kwa kumtania, naye akalivaa kama sifa. Miaka ishirini ya kushona, hajakosea hata siku moja! Gauni likibana, mteja amenenepa. Likipwaya, mteja amekonda. Suruali ikiwa fupi, mwenyewe hakusimama wima alipopimwa. Na kwenye darasa la Biblia ndiye wa kwanza kunyoosha mkono, aya zimemjaa kichwani tele. Jumapili iliyopita walisoma ule waraka unaowasema waumini wa siku nyingi ambao bado wananyonya maziwa, ilhali umri wao ni wa kutafuna chakula kigumu. Alifafanua vizuri mno, darasa zima likampigia makofi. Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, maana alijua fika anayesemwa ni yeye.

Sasa uongo ulimjia wenyewe, umeshapigwa pasi: aseme panya wameutafuna mkono mmoja. Nani angebisha? Aliutazama mlango, akaomba kimoyomoyo, "Bwana, nikue leo, hata kidogo."

Mteja aliingia akihema. "Fundi, lete nilivae!"

"Keti kwanza, dada yangu." Alimsogezea kiti. "Nimeliharibu. Mikono yote nimekata ya kushoto. Si mashine, si panya. Ni mimi."

"Wewe? Umekosea?"

"Nimekosea. Na lile la bluu lililokubana mwaka juzi, wala hukunenepa. Nilikosea kipimo."

Mteja alimkodolea macho. "Fundi! Mwaka mzima nimejinyima chakula cha jioni kwa ajili ya lile gauni!"

"Nisamehe, dada."

Hasira zilimpanda mteja, midomo ikamcheza, kisha kicheko kikamponyoka. Alicheka mpaka akashikilia meza. Fundi naye alicheka huku machozi yakimtiririka, mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni, na furaha ikamjaa kifuani, furaha ya mtu aliyeshinda.

"Nikiikata upya kuanzia begani iwe mifupi, mmoja utageuka wa kulia," alisema akijifuta uso. "Hutoki hapa bila gauni."

Mteja alisimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono yote miwili. "Haya, pima. Kwa sauti, nami nisikie!"

Fundi alimzungushia tepu ya kupimia mkononi. "Kumi na tano!" Akaitazama tena, akavuta pumzi, akapaza sauti hadi mshona viatu wa mlango wa pili akaja kuchungulia. "Hapana, nimekosea! Kumi na sita!"