Kichwa Cheupe cha Katibu Qiu

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani asubuhi ile. Shulan alikoroga rangi ya nywele kwenye bakuli, nyeusi ti. Mumewe, Qiu Maosheng, alikuwa katibu wa chama wa jimbo zima, na viongozi wote wa ngazi yake walipaka. Ukiingia mkutanoni na kichwa cheupe, hakuna anayekuuliza kitu; wote wameshaelewa kwamba unang'atuka.

"Masikio uyaache," Qiu alisema, taulo shingoni. "Mara ile nilionekana kama nimetoka kuiba makaa."

"Si unatikisika kama mbuzi anayenyolewa. Mzee Qiu, ulisema mwaka huu tunarudi kwetu, kwenye vilima vya chai."

"Baada ya mkutano wa leo, Mama Lian. Huyu kijana Tan, wa kunirithi kiti, bado hajaiva."

"Tan ana wajukuu."

Qiu akacheka, kisha joto la jiko likamlemea, akasinzia.

Shulan akainua brashi. Zile nywele nyeupe zilimpeleka mbali, kwenye theluji ya milima waliyoivuka wakiwa na viatu vya nyasi. Qiu alikuwa kijana wa jeshi la wakulima, akitembea mbele yake na karatasi yenye maandishi mgongoni ili wanaomfuata wajifunze kusoma njiani. Shulan alisoma neno "ardhi" kwenye mgongo ule, kisha "mchele," kisha "sisi." Baadaye mgongo ukapewa wilaya kuiongoza, ukapelekwa kulisha nguruwe miaka ya vurugu, viongozi walipogeuzwa maadui, ukarudishwa mjini kwa gari jeusi. Yeye bado alikuwa nyuma yake, akisoma. Alitaka, kabla hawajafa, watembee sambamba.

Honi ililia nje. Qiu akazinduka, akatazama kioo.

"Rangi?"

"Imekaukia kwenye bakuli."

"Nyingine ipo?"

Angeweza kusema imekwisha. "Ipo kabatini," akasema.

Qiu hakuinuka. Alijipapasa kichwa polepole, kama anampapasa mtu mwingine.

"Kumbe nimefanana na baba," akasema, akafungua taulo.

Mlangoni dereva alimwona mzee akitoka kwenye ukungu. "Babu, angalia ngazi, zinateleza." Kisha akamtambua, akanywea. "Nisamehe, Ndugu Katibu."

"Umesema kweli, zinateleza," Qiu alijibu. Akamshika mkono, akashuka taratibu.

Shulan akaingia ndani kutafuta sanduku la safari.